Sinki la Upanga, ukuta wa Magomeni

Wapenzi wasomaji mlionizoea kwa stori za harusi na nywele za bandia, leo mnivumilie. Wiki hii nazungumzia sinki. Ndiyo, sinki, lile la kunawia uso. Na kabla hujafunua ukurasa wa pili kwenda kusoma nyota yako, nikwambie kwamba kwa ajili ya hilo sinki nilishinda siku tatu kijiweni kwa wachomeleaji vyuma, nikaungua kidole, nikagombana na mama, na shoga yangu mmoja akautangazia mtaa mzima kwamba nimechanganyikiwa.

Mambo yenyewe yalianzia kwenye ndevu za baba.

Baba alipooza upande wa kulia mwaka 2022. Tunashukuru Mungu mguu umerudi kidogo, anatembea na fimbo, na maneno yanatoka ingawa yanatoka yamejikunja. Ila mkono wa kulia umelala mpaka leo. Sasa huyu ni mtu aliyekuwa ananyoa kila Ijumaa asubuhi, amesimama uani na singlendi yake, kioo kwenye msumari, kopo la maji juu ya stuli, redio pembeni. Ghafla akawa mtu wa kunyolewa. Mnyoaji mwenyewe mama. Mama yangu nampenda na pilau lake halina mpinzani Magomeni nzima, lakini kunyoa hakujaliwa. Akimaliza, baba anakuwa kama shamba lililopitiwa na mbuzi wa jirani. Huku kumebaki kichaka, huku kumekwanguliwa, hapa damu.

Baba hakusema kitu. Ila akaacha kwenda msikitini Ijumaa. Mama anasema eti anachoka. Mimi nikajua hachoki wala nini, ni ule uso.

Mimi ni mtoto wa kike. Bafuni na baba yangu siingii, hata kama ni mkubwa na ninajitafutia mwenyewe, hilo kwetu halina mjadala. Kwa hiyo kuoga, mswaki, kutawadha, kila kitu kilikuwa juu ya mama, ambaye naye kiuno ndiyo hivyo tena. Ainame kwenye ndoo, ainuke, ainame. Nikikaa uani napembua mchele nawasikia kule ndani wanabishana kwa sauti ya chini. "Shika hapo." Kimya. Halafu sauti ya baba: "Nishike wapi?"

Hilo "nishike wapi" ndilo lililonikaa kichwani.

Nyumba yetu ni ile ya Kiswahili unayoijua, vyumba sita, korido katikati, uani jiko na bafu na choo. Bafuni kuna ndoo, kata, na msumari wa kutundika taulo. Basi. Hakuna cha kushika. Mtu mwenye mkono mmoja akiutumia kujishikiza ukutani, wa kunawia uso anautoa wapi? Anachohitaji ni kitu cha kuegemea kwa kiuno, asimame wima kama zamani, mkono wake mzima uwe huru kushika wembe. Nikasema sinki. Sinki lililosimama imara, kimo chake, maji yako hapo, kioo kiko hapo.

Nikaingia Kariakoo kuulizia. Yapo, tena mazuri, kitu na boksi. Tatizo mengi niliyoyaona ni mepesi, mdomo wake mwembamba, na ule mguu wake wa udongo unaokuja nalo ukiuchunguza vizuri kazi yake kubwa ni kuficha bomba. Muuzaji mwenyewe aliniambia ukweli: "Sista, hili ni la kunawa. La kuegemea siyo hili."

Sasa sikia bahati inavyokuja. Siku moja nipo Upanga nafuatilia stori nyingine kabisa ya saluni, nikapita kwenye nyumba inayobomolewa. Upanga unaijua. Zile nyumba za Wahindi za enzi za mkoloni, zenye varanda na vitofali vya matundumatundu, nyingi zilitaifishwa mwaka 1971 zikawa chini ya Msajili wa Majumba, mpaka mwaka 1990 Msajili alipounganishwa na Shirika la Nyumba. Miaka ya karibuni kadhaa zimeangushwa yakapanda maghorofa. Zikiangushwa, vijana wanapanga getini kila kinachouzika: fremu za milango, nondo za madirisha, vigae vya paa.

Katikati ya hizo takataka kulikuwa na sinki limelala kifudifudi kama mlevi.

Nikaligeuza kwa shida. Zito! Mdomo wake wa mbele ni mnene, umeviringwa mpaka unaweza kuushika kama usukani wa basi. Kushoto na kulia ana mabega mapana ya kuweka sabuni. Limechafuka kutu, kona moja imemeguka kidogo, lakini nilipoligonga kwa sarafu lilitoa mlio mrefu wa kengele. Hiyo nilifundishwa na bibi yangu kwenye kuchagua vyungu na mabakuli: likilia ni zima, likisema "dup" lina ufa hata kama huuoni. Zile nyufa nyembamba kama unywele juu ya kile king'aro siyo kitu, ni uzee tu.

"Sista, hilo la Mwingereza hilo," kijana akaanza kuzuga. "Elfu sitini."

Nikamwambia halina vyuma vyake vya kushikia, halina bomba, lina matundu mawili juu wakati watu siku hizi wanataka moja, na kona imemeguka, nani atalinunua? Tukashushana mpaka elfu ishirini na tano, na akanipakilia kwenye bajaji. Njia nzima ya Jangwani nimelipakata mapajani kama mtoto wa shule ya vidudu, dereva ananiangalia kwenye kioo. Mtaani nikalipitisha kwa muuza vyuma chakavu kulipima. Kilo ishirini na nne kasoro kidogo.

Mama aliponiona nalo akauliza kama nimeokota jiwe la kaburi.

Lakini baba! Baba yangu kabla ya kustaafu alikuwa karani wa stoo ya vifaa vya ujenzi mjini. Akasogea na fimbo yake mpaka barazani, akakaa, akapitisha dole gumba la kushoto chini ya ule mdomo, taratibu, kama anasoma kwa kidole. Halafu akasema neno moja, na lilitoka limenyooka kuliko yote niliyoyasikia mwezi ule: "Shanks."

Kweli bwana. Nikalimwagia maji ya ndimu na magadi, nikasugua kwa kitambaa (si steel wool, inakwangua king'aro na baadaye uchafu unang'ang'ania hapo), chini yake yakatokea maandishi ya bluu, Shanks, na chini yake Barrhead. Barrhead ni mji wa Scotland, karibu na Glasgow, ndiko kiwanda kilikokuwa. Kampuni hiyo iliungana na nyingine iitwayo Armitage mwaka 1969, ndiyo maana vyoo vingi vya baadaye vina majina yote mawili. Hili letu lina moja tu. Kwa hesabu za baba limepikwa kabla ya muungano huo, yaani limemzidi mama umri. Mama hakuipenda hesabu hiyo.

Basi nikamwita fundi bomba aje alitundike. Alikuja na vyuma viwili vipya vya ukutani, drili, na plagi za plastiki. Akatoboa. Vumbi jekundu likaanza kumwagika kama unga. Akapachika, akakaza, akalivuta kidogo kwa mkono kupima. Plagi ikatoka na donge la udongo, kama jino bovu na fizi yake.

Nilikuwa nimesahau kabisa. Nyumba yetu kwa nje ina plasta na rangi ya krimu, mgeni anaweza kudhani ni tofali. Ndani ni miti na udongo. Babu aliijenga hivyo na plasta ikaja baadaye. Ukuta wa namna hiyo unabeba paa bila wasiwasi kwa sababu mzigo unashuka chini, lakini kitu kizito kinachoning'inia kinauvuta kwa nje, na udongo haujui kuvutwa. Fundi akajikuna. "Hapa labda tubomoe huu ukuta tujenge wa tofali." Nikamuuliza bei. Akaitaja. Nikamtengenezea chai, akaenda zake.

Kwa hiyo sinki lisimame kwa miguu yake lenyewe. Likitoka hapo ni suala la stendi ya chuma, na mimi nikajua ni dili dogo. Nikamwendea mchomeleaji mmoja, sitamtaja wala mtaa wake sitautaja. Nikampa vipimo na nusu ya hela. Baada ya siku nne akaniletea kitu kimependeza ajabu, rangi nyeusi inang'aa, miguu minne imeingia kwa ndani imejipinda kama ya meza ya kioo ya sebuleni. Tukaliweka sinki juu yake uani. Likakaa. Majirani wakasifia.

Nikashika mdomo wa mbele kwa mikono miwili, nikaegemea.

Miguu ya nyuma ikanyanyuka. Sinki likaja kifuani kwangu. Kama si mdogo wangu kudaka ule upande mwingine, leo ukurasa huu ungekuwa na mwandishi mwingine. Nilibaki natetemeka, si kwa sababu yangu. Nilikuwa namfikiria baba, peke yake, mlango umefungwa kwa ndani, kilo ishirini na nne za udongo wa Mwingereza zinamfuata sakafuni.

Yule bwana nilipomwambia akanijibu, "Kwani sinki linaegemewa? Sinki ni la kunawa." Na nusu ya hela hakurudisha. Tuyaache.

Usiku ule nilikaa na baba barazani nikamweleza. Nilitegemea aseme tuachane nalo. Akaomba daftari na kalamu. Kwa mkono wa kushoto, ambao wakati ule ulikuwa bado unaandika kama mtoto wa darasa la kwanza, akachora mstari wa sakafu, akachora sinki, akachora mguu. Mguu wa mbele akauweka mbele ya sinki. Siyo chini yake. Mbele, umezidi mdomo. Akaupigilia kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Nikaelewa. Ukikanyaga ubao wa benchi pale katikati ya miguu, benchi linatulia. Ukikaa kule mwisho uliozidi nje ya mguu, benchi linakurusha. Yule fundi alipoingiza miguu kwa ndani ili ipendeze, mdomo wa sinki ukawa ndiyo ule mwisho wa benchi. Mtu anaegemea hasa pale ambapo hakuna kitu chini.

Halafu akachora kitu cha pili. Bomba la mviringo, limelala mbele ya sinki kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Akanionesha kwa kujipiga nyonga: mwili ukutane na hilo kwanza. Usiguse sinki. Akasema, na hili ilibidi alirudie mara tatu ndipo nilishike, kwamba udongo uliochomwa haukunji wala hautoi taarifa, unabeba, unabeba, halafu siku moja unapasuka vipande vyenye ncha kama wembe. Chuma kikizidiwa kinapinda kwanza, unaona. Uzito wake yeye ukae kwenye chuma, sinki lijibebe lenyewe tu na maji yake.

Nikamwambia, "Baba, kumbe ulikuwa fundi." Akasema alikuwa anagawa tu vifaa, ila miaka thelathini ukigawa vifaa unasikia kila lawama.

Vipimo ndivyo vilikuwa na kasheshe. Ningempima vipi wakati bafuni siingii? Tukafanyia uani. Nikapanga matofali, juu nikaweka ubao, baba akaja akaegemea kama anaegemea baa ya hoteli. Juu sana. Nikatoa tofali. Chini sana, goti linakunja. Tukachezea na vipande vya mbao mpaka akatulia, akaachia fimbo, akainua mkono wa kushoto mpaka kidevuni akawa ananyoa hewa. Nikaweka futi kamba: bomba la kuegemea sentimita sabini na nane, mdomo wa sinki themanini na tatu. Watoto wa mtaani walikuwa wamejaa kwenye mlango wa uani wanaangalia sinema ya bure.

Sinki lenyewe nalo lina visa. Nililigeuza kifudifudi juu ya godoro ili nichukue umbo la tumbo lake kwa boksi. Nikakata boksi upande wa kulia likakaa sawasawa. Boksi lilelile nikalipeleka upande wa kushoto, halikai. Nikakata tena. Upande wa kushoto umeshuka karibu sentimita moja kuliko wa kulia! Nikadhani nimeuziwa bovu. Baba akacheka, kile kicheko chake kipya cha upande mmoja. "Limejikunja tanurini." Udongo mnene namna hiyo ukichomwa unanywea na kujikunja kidogo, kila moja kwa tabia yake, hivyo hata ungepata vyuma vya sinki pacha wake vingekaa na mwanya. Ndiyo nikaelewa kwa nini la kwanza lilikuwa linatikisika hata kabla ya kuegemewa. Lilikuwa limekalia sehemu tatu.

Safari hii sikumpa mtu vipimo nikaondoka. Nilinunua chuma Gerezani mwenyewe. Nilichagua chuma cha pembe, kile chenye umbo la L, cha inchi moja na nusu. Vijana wa dukani walinishauri nichukue bomba la mraba, ni nadhifu zaidi. Ni kweli ni nadhifu, lakini bafuni maji yakiingia ndani ya bomba lililozibwa linaoza kwa ndani bila wewe kuona, na hewa ya chumvi ya Dar hii inasaidia. Cha L kiko wazi pande zote, ukiona kutu unapiga brashi unapaka rangi. Kinauzwa futi ishirini, kwenye bajaji hakiingii, wakanikatia vipande tukapakia kwenye guta.

Kijiwe kipya niliambiwa na muuza chipsi. Nikafika na maboksi yangu kwapani, nimevaa jinzi na kilemba, masela wakaanza: "Sista umepotea, saluni ile kule." Nikawatandazia mchoro wa baba juu ya mashine. Mkubwa wao, mtu mzima kidogo, mpole, akauangalia muda mrefu. Akauliza, "Mgonjwa anatumia mkono gani?" Hapo hapo nikajua nimefika.

Siku tatu nilikaa pale. Nilishika chuma wakati wanakata, nikapaka chaki, nikapeleka maboksi. Nilijifunza kwamba chuma kilichotoka kuchomelewa kinapoteza wekundu haraka sana kikawa cheusi, ukadhani kimepoa. Hakijapoa. Kidole changu cha shahada ni shahidi. Nilijifunza pia kutotazama ule mwali, maana siku ya kwanza niliuibia kidogo na usiku macho yakawasha kama yametiwa mchanga na pilipili.

Lile bomba la mbele tulipata la zamani la maji, la chuma lenye ngozi ya zinki. Fundi hakulichomelea hivyo hivyo. Alisaga kwanza ile zinki yote pale kwenye maungio mpaka chuma kitupu kikaonekana, akasema moshi wake ukiuvuta jioni unatetemeka kwa homa. Kuna vijiwe nimeona wanachoma tu, na chupa ya maziwa pembeni eti dawa.

Juu ya fremu, pale sinki linapokaa, tulifuata boksi la kulia kwa kulia na la kushoto kwa kushoto. Halafu nikakata kandambili zangu za zamani vipande vinne, nikabandika kwenye chuma, ili udongo usikutane na chuma moja kwa moja na mzigo usikae kwenye ncha moja. Wale masela walicheka sana siku hiyo. Kisha brashi ya waya, rangi nyekundu ya kuzuia kutu, halafu rangi ya mafuta nyeupe mara mbili, na kwenye maungio mara tatu, kwa sababu kutu inaanzia hapo.

Kuifunga ndipo nilipogombana na mama. Miguu ilibeba mzigo wote chini, sawa, lakini baba akija analishika lile bomba anajivuta, na akiyumba analisukuma pembeni. Kwa hiyo stendi ilitakiwa ishikwe ukutani isicheze. Plagi hatutaki tena. Yule fundi mpole akaja na bolti mbili ndefu, akatoboa ukuta wote kutoka bafuni mpaka ng'ambo, na ng'ambo akaweka bapa la chuma pana kama kiganja kwa kila bolti, ili nati isilale kwenye udongo bali kwenye eneo kubwa. Ng'ambo ya ukuta ni jiko la mama. Alitoka huko na mwiko. "Mnanitobolea jiko langu bila hodi?" Tulinuniana siku mbili. Leo zile bolti anatundikia kikaango cha chapati na chujio la nazi, na ukigusa kikaango anakufokea.

Sakafu yetu ina mteremko kwenda kwenye tundu la maji, kwa hiyo hakuna mguu uliolingana na mwenzake. Tulitumia pima maji, tukamimina vitofali vidogo vya zege chini ya kila mguu, chuma kisikae kwenye maji.

Maji yenyewe hayakusumbua. Tundu za bomba kwenye sinki la Shanks ni za nusu inchi, na bomba nililonunua Kariakoo ni la nusu inchi, likaingia kama limeagizwa. Yale matundu mawili, kwa desturi za Waingereza la kushoto ni la maji ya moto, la kulia ya baridi. Sisi tuna baridi tu, la kutoka kwenye tenki. Tukalifunga upande wa kushoto kwa sababu ndiyo mkono alionao, bomba la kusukuma siyo la kuzungusha. Tundu la kulia tukachomeka kikombe cha plastiki kilichokatwa, kinakaa brashi ya kunyolea. Kitu kimoja tu kilinirudisha dukani: kile kikombe cha chini cha kutolea maji. Sinki la zamani lina njia ya siri ndani ya mwili wake, maji yakizidi yanapita humo, kwa hiyo kikombe lazima kiwe na tundu ubavuni. Mimi nilinunua kisicho na tundu, yale ya ziada yakawa yanavujia chini kwenye miguu yangu mipya. Na usisahau lile bomba lililojikunja kama shingo ya bata, linalobaki na maji muda wote. Bila hayo maji mende wote wa mtaro wanahamia kwako na harufu yao.

Kabla ya baba, nilijaribu mwenyewe. Nikaegemea. Nikajirusha. Nikamwita mdogo wangu ambaye ni kilo themanini na kitu, akaegemea, akajirusha, akalivuta lile bomba kama anagombania basi. Halikusogea hata nywele. Nikazungushia bomba la mbele kipande cha mpira wa maji nilichopasua, lisimuumize mifupa ya nyonga. Nikatoka, nikamwambia mama aingie naye.

Ijumaa iliyofuata nilikaa uani, mchele wangu kwenye ungo. Mama alimpeleka mpaka mlangoni, akaingia naye. Dakika mbili, akatoka peke yake. Akasimama nje ya mlango mikono imening'inia, kama mtu aliyenyang'anywa mzigo kichwani.

"Kasema nitoke," akaniambia.

Tukasikiliza. Maji yakafunguliwa. Yakafungwa. Kimya kirefu, mama akapiga hatua kuelekea mlangoni, nikamshika kanga. Kisha tukasikia ile sauti, krrr, krrr, wembe wa taratibu, halafu tone la maji, halafu krrr. Ilichukua karibu nusu saa. Mama alikuwa amekaa chini karibu yangu anapembua mchele ambao nilishaupembua.

Baba akatoka na fimbo yake. Amejikata sehemu moja chini ya sikio, na shavu la kulia kuna mstari ameuruka. Amepaka mafuta. Akatutazama wote wawili kwa zamu.

"Kioo," akasema, "mmekitundika juu. Mnadhani nani atanyoa, twiga?"

Kisha akamwagiza mama kanzu, maana adhana ilikuwa imekaribia. Kesho narudi kwa yule fundi na boksi la kipimo cha kioo.